Umepewa Riteki, Mama Achieng

Mama Achieng wangu,

Najua ungependa nianze na habari za nyumbani, nipite kwa majirani, niguse afya yangu kidogo, ndipo nifike kwenye jambo lenyewe, kwa kuwa ndivyo wanavyoandika barua watu waliolelewa vizuri. Mimi nililelewa kwenye kambi ya polisi, Nsambya, ambako mtu hutoa taarifa kwanza, salamu baadaye. Basi pokea taarifa: chuo kimekupa riteki.

Kaa kwanza. Nakujua. Umeshasimama, mkono kiunoni, unatafuta viatu uende ukaonane na msajili uso kwa uso. Wewe ambaye tangu tuanze hukurudia mtihani hata mmoja. Wewe uliyeicheka riteki yangu ya takwimu mpaka ukaipa jina, ukawa unaiita mtoto wangu wa nje, na kila Ijumaa unaniuliza mbele ya binti yetu Achieng kama nimeshampelekea sabuni. Sasa jina lako ndilo lililobandikwa ubaoni kwamba mtihani urudiwe, na mimi, mwanafunzi wa kiti cha nyuma, ndiye niliyesimama kulisoma.

Nitakueleza ilivyotokea, ila uniache niende kwa mwendo wangu. Kwa miezi hii yote nimekuwa na mambo ya kukwambia na sina wa kumwambia, na unajua nikikosa msikilizaji huwa naijibu redio.

Unakumbuka tulivyoanza? Wewe ndiwe uliyeanza, mimi nilianzishwa. Nilirudi jioni kutoka Bugolobi, nimeshinda nikiwazungukia walinzi wangu kwenye maghala, mmoja kasinzia, mwingine kapoteza filimbi, nikakukuta sebuleni una sura ya mtu aliyekwisha kuamua. Ukasema, "Afande, Jumamosi tuna mtihani." Uliniita Afande tangu siku za uchumba, kwa sababu baba yangu alikuwa afande wa kweli na mimi nina sare ya kampuni tu. Nikauliza mtihani wa nini. Ukasema ni ule wa kuingilia chuo kwa watu wazima, wale ambao shule iliwaacha njiani.

"Kwani wewe si mtu mzima?"

Nikakujibu kwamba jambo hilo bado linachunguzwa. Hukucheka. Ulikuwa umeshatuandikisha wote wawili.

Tukafaulu, wewe kwa kishindo, mimi kwa huruma ya Mungu na ya aliyesahihisha. Siku ya kwanza walitukusanya ukumbini, vijana wengi na sisi wazee wachache wa masomo ya jioni, akasimama mama mmoja wa ofisi akaeleza yote ambayo mtu anapaswa kuyatimiza ndipo apewe shahada. Mimi nilisikia mwanzo na mwisho. Wewe ulisikia katikati, na ukarudi nayo nyumbani kichwani, ukawa unaiimba ukiosha vyombo kwa mtindo wa kwaya ya kanisani kwenu: masomo ya lazima, yote, masomo ya kuchagua, yatoshe, yuniti zitimie, mafunzo kwa vitendo, utafiti uandikwe, utafiti utetewe, riteki, hakuna. Hapo kwenye "hakuna" ulikuwa unagonga sufuria. Achieng akaushika wimbo mzima, na nilipokosea alinisahihisha bila huruma, kama vile yeye ndiye aliyelipiwa karo na sisi ndio tunaomtegemea.

Nilikuuliza siku hiyo unaitaka ya nini shahada, na kibanda chako cha pazia na mashuka pale soko la Nateete kinakwenda vizuri, na wateja wanakuja mpaka kutoka mbali. Ukaniambia kwamba mara ya mwisho jina lako kusomwa kwa sauti na mtu aliyevaa miwani ilikuwa kliniki, na nesi alilikosea. Ukasema, "Nataka siku moja msomi avute pumzi, asome jina langu kama lilivyo, watu wasikie. Basi. Hayo mengine nitauza mashuka."

Wiki hiyohiyo ukapiga misumari miwili ukutani juu ya kochi. Mmoja wa picha yako ya mahafali, mmoja wa yangu. Nilikwambia watu hupiga picha kwanza ndipo wapige msumari. Ukaniambia ndiyo maana watu hao hawafiki popote. Na wangu uliupiga chini kidogo kuliko wako, makusudi, ukasema ni kwa ajili ya urefu. Kwa miaka mitatu wageni wametuuliza ile misumari ni ya nini, nami nimekuwa nikitundika mwavuli kwenye wangu ili uonekane una kazi.

Halafu darasani. Ulikaa mbele kabisa, karibu na mwalimu, hata ukitoka sokoni na vumbi la siku nzima. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango. Ulidhani ni uvivu. Ni ujuzi wa kazi: mlinzi hukaa mahali ambapo anaona wote wanaoingia. Kwamba pia ni mahali pazuri pa kulala ukiwa wima, macho yako nusu, hilo nalo ni ujuzi wa kazi. Ulikuwa ukigeuka unanitazama juu ya vichwa vya vijana, na jicho hilo lako liliniamsha vizuri kuliko kengele. Nimelimisi jicho hilo, Mama Achieng. Siku hizi nikisinzia nalala mpaka mwisho, mwalimu anafuta ubao na mimi bado nipo ndotoni, Gulu kwa baba yangu.

Walipotuambia tuunde makundi kwa ajili ya kazi za darasani na baadaye utafiti, ni wewe uliyetutafuta. Ukamleta Nakato, mwalimu wa shule ya msingi, binti mpole mwenye mwandiko wa kitabuni. Ukamleta Ssalongo, mtunza stoo, ambaye jina lake halisi tulikuja kulijua kwenye karatasi ya mtihani, maana akishapata mapacha mtu hapa Kampala jina lake la zamani linazikwa. Tulikutana Jumamosi mchana kwenye darasa la Nakato, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni, kuta zote zimejaa picha za ng'ombe na herufi. Ulileta chai kwenye chupa na chapati kwenye kitambaa. Ssalongo alikuwa anasema yeye hasomi shahada, anasomea chapati.

Ulisema mada ya utafiti wetu itakuwa watoto wa wanawake wa sokoni: mama akiwa kazini tangu alfajiri, mtoto anakaa na nani. Sote tulikubali haraka, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyekuwa na mada nyingine. Tukagawana wa kuhojiwa. Mimi nikaenda asubuhi kabla ya zamu, nikapita kibanda kwa kibanda, nikarudi na karatasi nyingi nikijiona profesa. Uliziangalia moja baada ya nyingine. Kila mama amesema mtoto yuko vizuri. Mtoto yuko na dada yake. Mtoto hana shida. Ukaniambia, "Afande, umeleta ripoti ya doria. Yote shwari."

Nakato alicheka mpaka akamwaga chai. Nikajitetea kwamba ndivyo walivyosema. Ndipo ukatufundisha kitu ambacho mimi, niliyezaliwa mji huu, sikukijua, na wewe uliyevuka mpaka pale Busia na mizigo yako ukakijua: kwamba asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza kununua, hakuna mwanamke wa soko atakayetamka shida yake. Anaogopa kuiharibu siku. Ukimuuliza saa hizo atakwambia hata mguu uliovunjika ni mzima. Ngoja mchana, ukasema, ameshauza, ameshakula, jua limetulia, amevua viatu. Hapo uliza.

Ukaniambia nizitupe karatasi zangu zote. Ukaenda wewe. Wiki kwa wiki ulifunga kibanda chako mchana, ukakaa na wenzio kwenye magunia, ukarudi na maneno ambayo yalimfanya Ssalongo anyamaze na chapati mkononi. Mtoto anayelala ndani ya kasha la nyanya chini ya meza. Mtoto aliyefungwa khanga kwenye mguu wa kibanda asifike barabarani. Mama aliyesema hajawahi kumwona mwanawe akitembea hatua za kwanza, kwa sababu alizitembea kwa jirani. Sura ya nne yote ilitoka kwenye magunia hayo. Sisi wengine tuliweka nukta.

Kisha ukaondoka.

Sitaandika juu ya siku hiyo. Ulikuwepo. Presha haikuomba ruhusa, na kibanda kilibaki wazi, na wenzako wa soko ndio waliokifunga. Tulikupeleka Gulu, ukalala kwa baba yangu, kaka zako walifika kutoka Kisumu wamechoka na safari, na Nakato na Ssalongo walikuja na lori la kazini kwa Ssalongo, mwenyewe amevaa koti lililombana. Kumbuka ulivyokuwa ukisema kwamba Kijaluo chako na Kiacholi changu husalimiana kama ndugu lakini vikianza kuhadithiana havielewani. Siku hiyo vilielewana. Watu wako na watu wangu walilia lugha moja.

Tuliporudi Kampala nilitaka kuacha masomo. Achieng ndiye aliyekataa. Hakunihubiria. Alikuwa anaosha vyombo, akaanza wimbo wako, alipofika kwenye "hakuna" hakuligonga sufuria, akalishika tu. Nikaenda darasani jioni hiyo. Kiti chako cha mbele kilikuwa kitupu na kijana mmoja alitaka kukikalia, nikasikia mdomo wangu ukisema kina mtu. Tangu hapo nakaa jirani nacho na kuweka mfuko wangu juu yake. Ndiyo, nimehamia mbele. Najua unacheka. Sasa mwalimu ananiona vizuri nikilala.

Sasa tufike kwenye riteki yako.

Kazi ya kwanza ya kundi baada ya msiba aliichapa Ssalongo. Kama kawaida yake alichukua ukurasa wa mbele wa kazi iliyopita, akabadilisha kichwa cha habari, akaacha majina. Jina lako likabaki, na namba yako ya usajili. Mimi nililiona, nikadhani Ssalongo ameliacha kwa heshima. Ssalongo, kumbe, hakuliona kabisa. Nakato alidhani mimi ndiye niliyeomba. Kazi ikarudi imesahihishwa, wote wanne tumepewa alama zilezile, na wewe ukiwemo. Tulikaa kwenye madawati ya watoto tukaitazama ile karatasi. Nikasema labda safari ijayo tulitoe.

Ssalongo akasema, "Mimi nilisha andika, siwezi toa. Toa wewe, ssebo, ni bibi yako." Nikamtazama Nakato. Nakato akasema yeye ana mafua.

Basi hakuna aliyelitoa. Kazi ikafuata kazi, na katika kila moja ulikuwa nasi. Alama zako za kazi za darasani zilikuwa nzuri, usiwe na wasiwasi. Ulikuwa ukijadiliwa pia. Nakato alikuwa akisema, "Hapa Mama Achieng asingekubali," na tukaandika upya. Hatukufikiria mtihani. Nani hufikiria mtihani wa mtu aliyelala Gulu? Lakini chuo kinafikiria. Mtu mwenye alama za darasani ambaye hakukaa mtihani, chuo kinajua neno moja tu la kumwambia.

Nilisimama pale ubaoni katikati ya vijana, nikafuata mstari kwa kidole. Mimi nimepita kila somo. Nikashuka, nikakukuta. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, peke yangu, kama mtu aliyeambiwa jambo sikioni. Halafu kicheko kikageuka, na sikuwa na kitambaa. Kijana mmoja mwenye vipokea sauti shingoni akanishika bega akasema, "Pole mzee. Utairudia, utapita. Hata mimi ninazo." Nikamshukuru.

Ilinibidi niende kwa Dokta, yule mama anayesimamia utafiti wetu, ambaye wewe ulikuwa ukimsifu kwa vitenge vyake kuliko kwa mihadhara. Nilimweleza yote. Akavua miwani, akaniambia hakuona hila hapo, lakini ni lazima chuo kijulishwe, na jina lako haliwezi kubaki juu ya ripoti ya utafiti. Wanaoandikwa kwenye ukurasa wa mbele ndio wanaotia sahihi kwamba kazi ni yao, na ndio wanaosimama kuitetea. Asiyeweza kusimama hawezi kuandikwa. Na ripoti isipokuwa sawa, hakuna kati yetu watatu atakayehitimu.

Nikaenda kwa msajili na cheti chako cha kifo. Binti wa dirishani alikuwa na adabu, aliniita taata, yaani baba. Nikamwambia nataka mke wangu atolewe kwenye riteki. Hakunielewa, ikabidi niseme lile neno ambalo kwa miezi yote nilikuwa nimelizunguka kama shimo la barabarani. Nikasema amefariki. Akasema bambi, ndiyo pole yao, akaandika, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeelewa.

"Hatuwezi kumtoa kwenye riteki tu, taata. Akitoka, anatoka kote."

Nikasema nimeelewa. Akabonyeza kitu, ukatoka kote. Nilitembea kwa miguu mpaka Nsambya bila kujua nakwenda huko, nikajikuta nje ya ukuta wa kambi, nimesimama kama mtoto anayengoja baba amalize zamu. Hapo ndipo nilipokutamani kwa namna ambayo siwezi kuiandika vizuri. Nilitamani uje tu, unitukane kidogo, uniulize kwa nini nimesaini kitu bila kukisoma mpaka mwisho.

Ikabaki ripoti. Jumamosi ile tulikutana, Nakato akafungua kompyuta, na safari hii nilisema nitalitoa mimi. Nililifuta herufi moja moja kutoka nyuma, ili nisilione likikatika katikati. Tulipompelekea Dokta alishauri, kwa wema kabisa, kwamba tukutaje kwenye ukurasa wa kutabaruku, kama wote wanavyofanya. Nikakataa, na sikukataa kwa adabu. Unajua kwa nini. Ulikuwa ukizisoma kurasa hizo maktaba ukicheka: huyu ametabaruku kwa Mungu, huyu kwa shangazi, huyu kwa timu ya mpira. Ukaniambia nisithubutu kukuweka humo. "Mimi sitaki kushukuriwa, Afande. Nataka kusomwa." Nilimwambia Dokta kama ni hivyo, basi usiwepo.

Dokta akaanza kuisoma ripoti, maana ndiyo kazi yake. Akapita sura ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne akapunguza mwendo. Akaweka kidole kwenye lile kasha la nyanya, akauliza haya mahojiano yote yamefanywa na nani. Tukatazamana. Nakato akasema, Dokta, ni Atieno, Mama Achieng. Yote.

"Kwa hiyo mmefuta jina, mkabaki na kazi?"

Ssalongo aliangalia viatu vyake. Dokta akafunga ripoti, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika. Akasema katika chuo hiki mtu akitumia kazi ya mwingine bila kumtaja, huo ni wizi, na kwa wizi huo watu hunyimwa shahada. Kama Atieno si mwandishi wa ripoti hii, basi Atieno ni chanzo, na chanzo hutajwa, ndani ya maandishi na mwishoni kwenye marejeo, sawasawa na wale maprofesa tuliowanakili sura ya pili. Kila mahali alipofanya kazi. Akaturudishia karatasi. "Na mkimruka hata sehemu moja, nitaijua."

Mama Achieng, natamani ungemwona Ssalongo akitoka ofisini. Alikuwa anatembea kama mtu aliyeongezewa cheo. Tuliifanya kazi hiyo siku nzima kwenye madawati yale. Atieno aligundua. Atieno aliona. Kwa mujibu wa Atieno. Tulipofika mwisho Nakato akapanga marejeo kwa alfabeti, kama utaratibu unavyotaka, na kompyuta ikakupeleka juu kabisa. Herufi A. Umekaa mbele ya wote, kama darasani, na profesa wa kwanza amekaa nyuma yako.

Siku ya kutetea walituweka kwenye chumba chenye feni inayolalamika. Dokta alikuwepo, amevaa kitenge ambacho ungekitaka, na mtahini mgeni kutoka chuo kingine, mzee mwembamba mwenye miwani mizito. Aliwauliza Nakato na Ssalongo mambo ya sura za mwanzo, wakajibu vizuri. Kisha akafungua sura ya nne, akanigeukia mimi.

Akavuta pumzi, Mama Achieng. Siongezi chumvi. Alivuta pumzi, akasoma kwa sauti kwamba kwa mujibu wa Atieno, mahojiano yote yalifanywa mchana, na yale ya asubuhi yalitupwa. Alilisoma jina lako kama lilivyo. Hakulikosea. Nilisahau kwamba kuna swali linakuja.

Swali lilikuja. Akasema anaona udhaifu hapo. Mtafiti hachagui saa inayompendeza. Kwa nini asubuhi zilitupwa? Na mimi, ambaye sijawahi kujibu swali darasani bila kujikwaa, nikamweleza habari ya mteja wa kwanza. Nikamweleza hofu ya kuiharibu siku, na viatu vilivyovuliwa mchana, na karatasi zangu mwenyewe za yote shwari. Nilikuwa nasikia sauti yako ikipita mdomoni mwangu, hata zile nukta ulizokuwa unaziweka kwa kunyanyua kidole. Mzee akaandika kitu. Akageuza kurasa mpaka nyuma, akakutazama pale juu ya orodha.

"Huyu Atieno, sijawahi kukutana na kazi yake," akasema. "Anapatikana wapi? Ningependa kuzungumza naye."

Ssalongo alikohoa. Nakato aliinamia meza. Dokta alinitazama.

Nikasema, "Hata mimi, Profesa."

Alinielewa baada ya muda kidogo. Akafunga ripoti taratibu, akaiwekea mkono juu, na hakuuliza zaidi.

Tumepita. Mahafali ni mwezi ujao. Ssalongo ameshaazima koti lingine, pana zaidi. Achieng anasema nikiitwa nisitembee kama niko doria. Najifunza. Nitavaa joho, nitapanda, watasoma jina langu, na nitageuka kutafuta jicho lako juu ya vichwa vya watu. Najua sitaliona. Nitageuka tu, ni mazoea.

Jana nilipeleka ukurasa wa kwanza wa marejeo kwa fundi wa fremu, yule wa Nateete aliye karibu na kibanda chako. Aliugeuza mbele na nyuma, akaniambia, "Mzee, hii siyo picha." Nikamwambia ni picha. Ya nani, akauliza. Nikamwonyesha huyo wa juu kabisa. Alilisoma, akanitazama, akakumbuka pazia ulizomuuzia, akanichagulia kioo kisicho na mkwaruzo.

Kwa hiyo msumari wako una kitu tayari, na wangu bado umeshika mwavuli. Kama kawaida, umenitangulia.

Pumzika, mama. Achieng amenituma nikwambie kwamba leo, alipofika kwenye "hakuna", amegonga sufuria.

Mume wako,
Baba Achieng, ambaye sasa anakaa mbele